Nusu Alama

Darasa la sita, Isongole, mwezi wa saba,
vidole vimekufa ganzi, kalamu imegoma.
Swali la nne: Taja kisiwa kimoja kilichozaliwa na volkano.
Wenzangu waliandika Komoro.
Mimi, Tumwitike, binti wa mkulima wa viazi,
nilichungulia dirisha lisilo kioo
nikaandika: Rungwe.

Mwalimu Mwakalobo akanichorea mkasi mwekundu.
Pembeni akaongeza: Bahari iko wapi?

Sikumjibu.
Bahari nilikuwa nayo nyumbani, kwenye beseni.
Mama alikuwa na jiwe la kusugulia visigino,
jepesi kama mkate mkavu, limejaa matundu.
Nilipolitupa majini halikuzama.
Liligeuka polepole, likachagua upande wa kuwa juu.
Nikampandisha sisimizi.
Akaumaliza ufuko wote kwa nusu dakika,
akarudi alipoanzia,
akasimama, kama anayekumbuka kitu.

Miaka ishirini na sita imepita.
Sasa napeleka wageni Ngozi.
Njia naijua kwa nyayo: tope jeusi, mizizi,
migomba pori isiyozaa cha kuliwa,
mianzi inayosaga meno upepo ukipita.
Juu nawaambia: hapa mlima ulijimeza,
ukabakiza mdomo, mdomo ukajaa maji.
Hakuna mto unaoingia, hakuna unaotoka.
Asubuhi ziwa ni kijani cha chupa,
mchana ni maziwa yaliyotiwa majivu.
Ndege akilia ng'ambo, sauti hutufikia imelowa.

Wengine nawashusha Kiwira,
pale mto unapopita chini ya daraja lisilo fundi,
uji wa moto wa zamani uliogandia mgongo.
Wenyeji wanavuka na magunia, hawatazami chini.
Na Kijungu, mto mzima unaingia chunguni
unachemka bila kuni.

Juzi alikuja Mwalimu mwenyewe.
Amestaafu, goti la kushoto halimtaki,
anataka kuliona ziwa alilolifundisha miaka thelathini
bila kulipanda hata siku moja.
Tulitoka alfajiri na tochi.
Tukapumzika mara tisa.
Mara ya kumi akasema ni ya pili.

Upande wa ziwa hapakuwa na kitu.
Ukungu umejaa shimo hadi ukingoni.
Akageuka, uso wa mtu aliyeuziwa gunia la pumba,
akatazama tulikotoka.

Bonde lote limezama.
Tukuyu haipo. Chai haipo, mabati hayapo,
wala mnara wa simu, wala barabara ya Kyela.
Umebaki Rungwe peke yake, mweusi,
mawimbi meupe yanampiga kiunoni,
yanarudi nyuma, yanampiga tena.
Jogoo akawika
kutoka chini ya bahari.

Nilikuwa na swali, nimelitunza tangu darasa la sita.
Sikuliuliza.
Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa leso,
akaivaa, ikalowa, akaivua tena.
"Kisiwa huzungukwa na maji, Tumwitike."
Leso ilikuwa inadondoka matone.
Akaiangalia.
"Ulipata ngapi siku ile?"
"Tisa."
"Andika tisa na nusu."
"Na nusu nyingine?"
"Hiyo naizuia. Ikifika saa nne
bahari yako itakuwa imekauka."

Na kweli, ilikauka.
Bati la kwanza liling'aa, la pili, kisha kijiji kizima,
na kisiwa kikarudi kuwa mlima kama kawaida yake.

Tukishuka, nyuma yangu hatua zilikoma.
Nilidhani ni goti.
Alikuwa ameinama njiani,
ameokota jiwe lenye matundu,
analipima mkononi, haamini uzito wake.
Akalitia mfuko wa koti.
Sikumuuliza la nini.
Nadhani kwake kuna beseni.